Kuwaokoa Watu Wenye Ulemavu katika Majengo ya Ghorofa

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa moto unapozuka katika jengo la ghorofa, lifti haitumiki. Umeme huweza kukatika na kuwafungia watu ndani, na moshi hupanda kwa njia hiyo hiyo. Hubaki ngazi; na kwa asiyeweza kuzishuka, amri ya kutoka nje pekee haimfai kitu.

Bomu liliporipuka katika majengo ya World Trade Center, New York, mwaka 1993, John Abruzzo, mhasibu anayetumia kiti cha magurudumu, aliteremshwa kwa taabu muda wa saa kadhaa. Baada ya hapo vilinunuliwa viti maalumu vya kuteremshia watu ngazini. Tarehe 11 Septemba 2001 wenzake kumi wa kazini walimshusha kwa kiti hicho kutoka ghorofa ya 69 kwa takriban saa moja na nusu, wakatoka kabla ya jengo kuanguka. Yaliyowaokoa ni maandalizi.

Kwa hiyo, kila ofisi na kila jumba la makaazi, kama yale ya Michenzani, inafaa lizingatie haya:

1. Iwepo orodha ya wanaohitaji msaada na ghorofa walipo, kwa ridhaa yao. Wazee, wajawazito na wagonjwa wasisahauliwe.

2. Mwenyewe aulizwe namna ya kusaidiwa. Asiyeona haburutwi, hushika kiwiko cha anayemwongoza. Kiziwi hasikii kengele. Awekewe taa ya kumetameta, au apewe mtu wa kwenda kumwarifu.

3. Kila mmoja apangiwe wasaidizi, pamoja na wa akiba, kwani anayetegemewa huenda siku hiyo yuko safarini.

4. Pachaguliwe pahala pa kungojea karibu na ngazi, penye mlango wa kuzuia moto na moshi. Zimamoto wakifika, waambiwe kwanza nani yupo hapo.

5. Ngazi zisizibwe kwa madumu, baiskeli wala makabati, na mazoezi yafanywe pamoja na wenye ulemavu wenyewe.

Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, kinataka walindwe wakati wa hatari. Wakuu wa ofisi, masheha na wakaazi wanaombwa waanze na orodha. Kuitayarisha hakuhitaji fedha, na moto ukishawaka hakuna wasaa wa kuiandika.