Msitu wa Buhanga: Tuuiteje kwa Kiswahili?

Msitu wa Buhanga uko kaskazini mwa Rwanda, karibu na mji wa Musanze, ulioitwa Ruhengeri hadi 2006. Ni msitu mdogo, hekta kama 31 tu, uliozungukwa na mashamba. Mgeni anayeuzuru huonyeshwa miti mitatu iliyosokotana, iitwayo Inyabutatu (neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja), pamoja na chemchemi ambayo, kwa mujibu wa masimulizi, mwami mpya aliogeshwa kwa maji yake kabla ya kutawazwa. Masimulizi hayo yanamhusisha msitu na Gihanga, mwasisi wa ufalme. Jina la Gihanga, sawa na la Buhanga, linahusiana na kitenzi cha Kinyarwanda guhanga, yaani kuumba au kubuni.

Tangu 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kwa hiyo mambo haya hayana budi kuelezwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Wengi husema “msitu mtakatifu”. Binafsi siridhiki. Takatifu imetokana na takata, lakini matumizi ya karne nzima ya tafsiri za Biblia yamelifungamanisha neno hilo na kanisa. Wengine husema “msitu wa mizimu”. Zamani, huko Pwani, mzimu ulikuwa pia mahali pa kutolea sadaka na tambiko. Leo msikilizaji hufikiria kitu cha kutisha usiku, na historia ya ufalme hugeuka kuwa hadithi ya kuogofya watoto.

Ngoma nayo yahitaji uangalifu. Kwa Kinyarwanda, ingoma ni ala, na pia ni ufalme wenyewe. Kalinga, ngoma kuu ya kifalme, iliwakilisha utawala uliokomeshwa mwaka 1961. Mkalimani akisema tu kuwa mwami “alipewa ngoma”, wasikilizaji watangoja mchezo uanze. Hata hivyo dhana hiyo si ngeni kwetu: Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na ngoma na siwa zake za utawala.

Tukiulizwa kilichoulinda msitu huu katikati ya mashamba, jibu la wenyeji ni katazo: kukata mti hapo ni mwiko. Kinyarwanda hukiita kitu kama hicho umuziro. Tukikumbuka kwamba Kiswahili kimeidondosha l ya kale baina ya irabu katika maneno mengi, ni vigumu kutoliona hapo neno letu mzio, ambalo maana yake ya awali ni kile ambacho mtu au ukoo haupaswi kula au kugusa. Kwa maoni yangu, “msitu wa mzio” ndilo jina lililo karibu zaidi na fikra za wenyewe. Ila hospitali zimeshalichukua neno, na mwanafunzi wa leo akilisikia jina hilo atadhani ni msitu unaowasha ngozi.