Rangi za Bahari Haziishi Ukutani

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Hata hivyo, katika madarasa yetu mengi samaki huyo hukunjwa juu ya karatasi tu. Mtoto wa chekechea huonyeshwa chati ukutani, akaambiwa hii ni buluu, hii ni kijani. Akipanda madarasa, hutakiwa kuandika insha kuhusu ziara ya pwani. Asiyewahi kuiona bahari hukariri maneno ya mwenzake: mchanga mweupe pepepe, upepo mwanana, mawimbi yakivuma. Insha nyingi, bahari moja.

Nimekuwa nikiwaza: lau ningemshika mkono mtoto wa miaka 5 nikamteremsha ufuoni Watamu, wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, ningemfunza nini?

Kwanza ningemkumbusha kwamba rangi nyingi katika Kiswahili ni vitu. Kijani ni jani. Manjano imo jikoni kwa mamake. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na samawati ina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Naye bila shaka angeuliza, "Babu, mbona maji haya yana rangi mbili?" Ningemjibu kwamba karibu na ufuo maji ni haba, hivyo mwanga wa jua hugonga mchanga mweupe na kurudi, nasi tukaona kijani, kule kwenye kina, maji huimeza rangi nyekundu ya mwanga na kutubakishia buluu. Kisha tungechutama kando ya vidimbwi kukitazama kiti cha pweza, chekundu kama pilipili. Tusingeokota hata kombe, kwani Watamu ni hifadhi ya baharini tangu mwaka wa 1968.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu. Matumbawe hupata rangi zake kutokana na viumbe vidogo mno, jamii ya mwani, vinavyoishi ndani yake. Bahari ikizidi joto, matumbawe huvifukuza, yakabaki meupe kama mifupa, na yasipopata nafuu hufa. Ndivyo yalivyofikwa mengi ya pwani yetu mwaka wa 1998, wakati wa El Nino. Mtoto aliyefunzwa rangi kwa chati hatajua kilichopotea. Atauona weupe huo na kuusifu.

Simwombi mwalimu wa Kitale au Garissa awasafirishe wanafunzi wake hadi Watamu, nauli twaijua. Namwomba aanzie kwenye mto, bwawa au shamba lililo karibu, awaulize watoto: mnaona rangi gani, ya kitu gani, na kwa nini? Aliyezoea kuyachunguza maji ya Nzoia ataweza kuiwaza hata bahari asiyoijua. Nao walimu wa Pwani wasitafute udhuru. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema kwamba ardhi iliyo kati ya mipaka ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo ni darasa lisilodai karo.

Nanyi wanafunzi, mkipewa insha ya bahari, andikeni mlichokiona au mnachotamani kukiuliza. Swali moja la kweli linashinda ukurasa mzima wa mawimbi ya kuazima.