Je, Wajua? Beseni, Taulo na Viatu vya Rais

Je, wajua kwamba mahali ambapo Mathayo, Marko na Luka wanasimulia mkate na kikombe cha Karamu ya Mwisho, Yohana anaweka beseni? Sura ya 13 inamwonyesha Yesu akijifunga taulo na kuosha miguu ya wanafunzi, kazi aliyoachiwa mtumwa. Petro aligoma mwanzoni. Luka anaongeza kwamba usiku uleule wanafunzi walikuwa wakibishana nani mkubwa kati yao. Ugomvi wa vyeo, tena mezani!

Papa Gregori Mkuu (590–604), alipoudhiwa na Patriarki wa Konstantinopoli kujiita wa ulimwengu wote, alishikilia jina la mtumishi wa watumishi wa Mungu. Mapapa wanalo hadi leo, ingawa kwa karne nyingi walivikwa pia taji la ngazi tatu. Paulo VI aliliweka lake altareni Novemba 1964, na baada yake hakuna aliyevikwa.

Wafalme wa Uingereza nao waliosha miguu ya maskini kila Alhamisi Kuu. Kuosha kulikoma karne ya 18, zikabaki sarafu za fedha wanazogawiwa wazee, wanaume kwa wanawake, kila upande idadi yao sawa na umri wa mfalme. Lakini vishada vya maua yenye kunukia, vilivyokusudiwa kufukuza harufu ya miguu, vingali vinabebwa, japo siku hizi hakuna anayevua kiatu.

Papa Fransisko alilipeleka beseni magerezani. Mwaka 2013 aliosha miguu ya vijana 12 katika gereza la Casal del Marmo, Roma, wakiwemo wasichana wawili, wakati kanuni ilitaja wanaume tu. Kanuni ilibadilishwa 2016.

Aprili 11, 2019, akiwa na miaka 82, alipiga magoti Vatikani akabusu viatu vya Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, vya hasimu wake Riek Machar na vya viongozi wenzao, akiwasihi wasirudi vitani. Kwa sisi tuliolelewa kwamba mdogo ndiye anayemwinamia mkubwa, picha ile ilikuwa ngumu kuitazama. Serikali ya pamoja iliundwa Februari 2020. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake Juba.

Alhamisi Kuu ya mwaka huohuo, siku nne kabla ya kufa, Fransisko alipelekwa kwa kiti cha magurudumu kwenye gereza la Regina Coeli. Aliwaambia wafungwa kwamba safari hii hawezi kuwaosha miguu.