Hesabu za Nafsi

Mwaka 1095, mwanachuoni aliyesifika kuliko wote Baghdad alikaa kusomesha, ulimi ukakataa kutamka. Abu Hamid al-Ghazali alikuwa amefundisha Madrasa ya Nidhamiya tangu 1091, na wanafunzi wake walifika mamia. Chakula nacho kikawa hakipiti. Matabibu wakamwambia maradhi yameanzia moyoni, wao hawana dawa.

Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal anasimulia kilichomsibu. Aliikagua nia yake ya kusomesha, akakuta haikuwa kwa ajili ya Mungu. Alichokitaka ni jaha na jina kuvuma. Karibu miezi sita alivutana na nafsi: asubuhi anaazimia kuhama, jioni azma imeyeyuka. Hatimaye aligawa mali yake, akabakiza ya kuwalisha wanawe, akaenda Damascus. Huko alipanda mnara wa msikiti, akajifungia mchana kutwa.

Siku hizi tunaambiwa kwamba anayetaka kujijua afuate moyo unavyotaka. Al-Ghazali angeuliza: moyo upi? Qurani inaitaja nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia, na masufi wanaziona hizo kuwa hali za nafsi ile ile. Matamanio yanapiga kelele kwanza, ndiyo maana tunayadhania kuwa ndiyo sisi.

Katika Ihya Ulum al-Din, kitabu chake kinachoenziwa mno na masharifu wa asili ya Hadhramaut, wakiwemo wa Lamu, anafundisha kazi ya kila siku. Alfajiri unaiwekea nafsi masharti, kama mfanyabiashara anavyompa mshirika wake mtaji. Mchana unaichunga. Usiku unakaa nayo kwenye hesabu: lile neno nililolisema barazani, nililisema kwa nini? Nilitaka kumfaa mwenzangu, au nionekane najua? Ukigundua hasara, unaidai nafsi ilipe. Ni kazi ngumu, tena haina mtazamaji wa kukupigia makofi, na kwangu mimi huo ndio uzito wake hasa. Mtu anayejihesabu hivyo mwaka mzima huanza kuzitambua sauti zilizomo ndani yake, ipi ni ya woga, ipi ni ya kutaka sifa, ipi ni yake kweli.

Mwaka 1106 al-Ghazali alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Yeye mwenyewe hakukubali kwamba amerudi alikotoka. Zamani, anaeleza, alisomesha elimu ya kuchumia jaha. Sasa anasomesha elimu ya kuiacha.