Miti na Mafuriko: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kiwanja

Mnunuzi wa kiwanja hukagua hati, mipaka na bei. Ni wachache wanaokagua miti, ilhali miti iliyopo kiwanjani na kando ya mto wa jirani ina mchango mkubwa katika kiasi cha maji yatakayofika mlangoni wakati wa masika.

Miti hupunguzaje mafuriko?

Mvua inyeshapo, sehemu ya maji hunaswa na majani, na nyingine huteremka polepole kwenye shina. Majani makavu yaliyoanguka huikinga ardhi isigandamizwe na matone, nayo mizizi hufungua vijia ambavyo maji hupenyea udongoni. Kwa hiyo mtaro haupokei maji yote kwa mkupuo. Ua uliosakafiwa kwa saruji hufanya kinyume: karibu maji yote huteremkia kwa jirani aliye chini.

Mfano wa Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, na kupita katikati ya Dar es Salaam hadi Bahari ya Hindi. Miti ya vilimani na ya kingoni ikikatwa, udongo husombwa na kujaa mtoni. Kina hupungua, na maji hufurika kwenye makazi. Mlangoni mwa mto, mikoko hunasa tope na kupunguza nguvu ya mawimbi.

Hata hivyo, miti pekee haitoshi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hakuna mti unaoweza kukinga nyumba iliyojengwa katika njia ya maji.

Tunakushauri yafuatayo:

1. Kiwanja cha bondeni huonekana kikavu wakati wa kiangazi. Kitembelee wakati wa mvua, waulize majirani maji hufika wapi, na utazame alama za tope ukutani.

2. Pima umbali kutoka mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari.

3. Usifyeke kiwanja chote. Ondoa tu miti iliyo mahali pa msingi wa nyumba.

4. Panda miti mikubwa mbali na msingi, shimo la maji taka na nyaya za umeme.

5. Acha sehemu ya ua bila saruji, na zoa majani yasizibe mtaro.

Dalali akisifu kivuli cha miti iliyo kando ya mto, muulize kwanza maji yalifika wapi masika iliyopita. Kivuli ni faida. Usalama wa kiwanja huthibitishwa kabla ya kulipa.