Kwa Nini Binadamu Huwa na Wasiwasi?

Neno wasiwasi lina asili ya Kiarabu, ambako huhusishwa na kunong'ona. Asili hiyo yaweza kumfaa mshauri nasaha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, ambaye yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wasiwasi mwaka wa 1983, alikuja kusisitiza kwamba wasiwasi kwa kiasi kikubwa ni maneno tunayojisemea moyoni, wala si picha tunazoziona akilini.

Mbona basi mtu hauachi? Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekesha akijiuliza, "Je, nikianguka mtihani?" Kujisemea huko humkinga kwa muda na taswira kali ya kuanguka kwenyewe. Isitoshe, anapofaulu, huamini kuwa wasiwasi ndio uliomwokoa. Hivyo mazoea hukita mizizi.

Kwa hiyo, kumwambia mteja "Usiwe na wasiwasi" hakutoshi. Mshauri amweleze kwamba wasiwasi si upungufu wa akili, bali ni jaribio la kujikinga. Kisha amwombe aandike anayoyahofia, na baadaye ayalinganishe na yaliyotukia. Hapo ndipo mteja atakapojionea mwenyewe ni mangapi kati ya aliyonong'onezwa yaliyotimia.