Mzungumzaji Mkuu na Chumba cha Pembeni

Kwenye makongamano ya sayansi ya uhai huku kwetu, asubuhi ya kwanza huwa na wakubwa wawili ambao watu huwachanganya. Mmoja ni mgeni rasmi, pengine waziri au katibu mkuu, anayefungua mkutano itifaki ikishazingatiwa. Wa pili ni mzungumzaji mkuu, mwanasayansi aliyealikwa kutoa mada inayoubeba mkutano mzima. Wa kwanza tumwache aondoke na msafara wake.

Huyu wa pili hachujwi kama wenzake. Mtafiti wa kawaida hutuma ikisiri, wataalamu wakaipima, na ikipita hupewa dakika 10 au 15 katika chumba kimojawapo kati ya vingi vinavyoendesha vikao kwa wakati mmoja, au huambiwa abandike bango ukutani. Mzungumzaji mkuu huandikiwa barua miezi mingi kabla, hulipiwa nauli na hoteli, na anaposimama, vyumba vingine vyote hunyamaza. Kamati humteua kwa kazi aliyokwisha kuifanya na ikakubalika. Ndiyo maana hotuba yake humfaa sana anayetaka kujua fani imefika wapi. Anayetafuta jambo jipya kabisa aangalie ratiba ya vyumba vya pembeni.

Chukua mwaka 1961. Mwezi Agosti wanabiokemia wa dunia walikutana Moscow kwa maelfu. Mmarekani mmoja wa miaka 34, Marshall Nirenberg, ambaye wengi hawakuwahi kumsikia, alipangiwa chumba kidogo. Yeye na Mjerumani Heinrich Matthaei walikuwa wametia RNA bandia yenye herufi moja tu, U, inayojirudiarudia, ndani ya majimaji ya bakteria waliosagwa. Ikatoka protini iliyoundwa na asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa amesoma neno la lugha ya jeni, na waliokuwamo chumbani walihesabika. Bahati yake, mmoja wao alikuwa Matthew Meselson, ambaye alimfikishia habari mwanasayansi mashuhuri Francis Crick. Crick akapanga mada irudiwe kwenye ukumbi mkubwa. Mwaka 1968 Nirenberg alipewa Tuzo ya Nobeli.

Miezi mitano kabla ya Moscow, kisa kinachotugusa zaidi kilitokea London. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alizungumza katika chuo cha tiba cha Hospitali ya Middlesex. Tangu 1957 alikuwa akiwaona watoto wa Uganda wenye uvimbe wa taya ambao haukufanana na saratani alizosomeshwa. Hakuwa na maabara ya maana. Alichokuwa nacho ni picha za wagonjwa, na swali lake la kudumu: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Katika wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, akili yake ilikwenda mahali ambapo ya daktari wa upasuaji isingekwenda: saratani inayotii hali ya hewa huenda ina kiumbe kinachoieneza. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili havikuonyesha kitu. Kisha Desemba 1963 ukungu ukaipeleka ndege Manchester, na kifurushi kikafika London kikiwa na majimaji yenye uchafuuchafu, kama yaliyovunda. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama, akakuta seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Kutoka humo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walizikuza seli, wakaziweka chini ya hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, vile tunavyoviita Epstein-Barr. Nafasi ya malaria katika kuuchochea ugonjwa huo ilikuja kueleweka baadaye.

Ninachokiona hapa si kwamba hotuba kuu ni upuuzi. Crick alikuwa na sauti ya kufungua ukumbi, na sauti ya namna hiyo ndiyo mzungumzaji mkuu huja nayo. Tatizo ni namna tunavyoitumia. Kamati nyingi humwalika bingwa wa malaria awahutubie watu wa malaria, wakapiga makofi kwa mambo waliyokwisha kuyasoma majaridani. Mimi, nikikumbuka Burkitt na Epstein, ningemwalika mtaalamu wa hali ya hewa, au wa mifugo, halafu nikawaweka watu wa malaria mbele yake na muda mrefu wa maswali, ule ambao kwa kawaida huliwa na utambulisho wa wageni.

Kuna jingine dogo, na ni la fedha. Siku hizi wazungumzaji wakuu wengi hufika usiku, huzungumza asubuhi, na mchana wako uwanja wa ndege, kabla hata mabango ya wanafunzi hayajabandikwa. Kamati zikiniomba jina la mtu wa kumwalika, mimi huuliza kwanza kama zitamlipia hoteli ya usiku mmoja au ya siku zote za mkutano.